Damu yetu isiendelee kusubiri basi la Dar

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee vipimo vya homa ya ini, hasa hii ya kirusi B, maana jambo lenyewe limeingia nyumbani kwetu na nimeshindwa kukaa nalo kimya. Mimi ni mwalimu wa fizikia huku Tandahimba, sio daktari, kwa hiyo ya matibabu nitayagusa pale ninapoyajua tu, ila haya ya mwanga na namna mwanga unavyoweza kusoma damu ya mtu, hiyo ndo kazi yangu ya kila siku ubaoni.

Mwishoni mwa 2023 dada yetu alijifungua kwa upasuaji, akapoteza damu nyingi, tukaambiwa ndugu tujitokeze. Tukaenda mimi na mdogo wangu wa kiume. Damu yangu ikapokelewa, yeye baada ya siku chache akapigiwa simu arudi, akaenda akijua labda wanataka chupa nyingine, kumbe akaambiwa pale pale mlangoni watu wanapita, wewe una hepataitisi B, usije tena kutoa damu. Basi. Hakupewa karatasi, hakuambiwa arudi lini, wala hakuulizwa kama ana mke na watoto. Kituo sikitaji kwa sababu yule aliyemwambia alikuwa peke yake zamu nzima na foleni imefika nje, nimemwona kwa macho yangu.

Miezi minne alikaa nayo moyoni. Siku aliyosema, mama alisikia "homa" na "ini" akachanganya na homa ya manjano, akauliza kwani hujachanjwa ile ya kadi? Jirani mmoja akasema ni uraka huo, pombe yetu ya mabibo, wakati mdogo wangu hata uraka wa msimu hanywi, mabibo anatafuna tu kama watoto. Mwingine akasema amechezewa. Wiki hiyo hiyo akatengewa sahani yake na kikombe cha bati cha bluu, kikawa kinatundikwa kwenye msumari peke yake nyuma ya mlango wa jikoni. Mimi mwalimu nilikiona kile kikombe na sikusema kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Sasa najua, na nasema: kirusi B kinapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, kwenye wembe na sindano iliyotumika kwa zaidi ya mtu mmoja, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kwenye kikombe hakipiti, kwenye sahani ya ugali hakipiti, kushikana mikono pia hakuna shida.

Na hili la mama na mtoto ndilo lililomuumiza mama yetu, akakaa siku nzima haongei. Mtoto mchanga akiambukizwa, zaidi ya mara 9 kati ya 10 kirusi kinabaki mwilini mwake maisha yote, wakati mtu mzima akiambukizwa wengi wao mwili unakifukuza wenyewe. Chanjo hii ilianza kutolewa kwa watoto wa Tanzania 2002, leo wanaipata ndani ya ile sindano ya mchanganyiko wa kinga tano wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mdogo wangu kazaliwa 1989. Yani kizazi chetu chote, sisi ambao sasa ndo tunalima, tunavua, tunaendesha bodaboda, tunafundisha, tulikua bila hiyo kinga, na wengi wetu hatujawahi kupimwa hata siku moja.

Nikaenda kwa rafiki yangu mtaalamu wa maabara nikamwambia nipime na mimi, na unioneshe. Akachoma kidole, akadondosha damu kwenye kile kijiplastiki, akaongeza matone ya bafa, yale majimaji ya kuisukuma damu, tukakaa tunakiangalia. Wekundu ukaanza kupanda taratibu kama maji kwenye kitambaa, ukapita, mstari mmoja ukatokea pale kwenye C, ule wa kuonesha kipimo kinafanya kazi, pale kwenye T, ule wa kirusi, hakuna kitu. Niko salama, nikachanjwa. Lakini swali langu lilikuwa ule wekundu ni nini, nikidhani ni damu. Sio damu. Kwenye vipimo vingi vya aina hii ni dhahabu. Dhahabu ikisagwa mpaka ikawa punje za kama nanomita 40, yani unywele mmoja wa kichwani umezidi upana huo kama mara elfu mbili, inaacha kuwa ya njano inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela, kwa sababu elektroni zake zinacheza na mwanga wa kijani zinaumeza, kinachobaki machoni kwetu ni nyekundu. Hizo punje zimepakwa kingamwili, zinakutana na kipande cha ganda la kirusi, zinakishika, zinakwenda kunasa kwenye mstari wa T. Kwa hiyo jicho la mhudumu linaposoma ule mstari tayari linatumia mwanga kupima kirusi. Ndo maana nasema haya mambo ya vihisio vya mwanga, bayosensa kama wanavyoziita, tuache kuyaona ni ya Ulaya, tunayo mkononi zahanati.

Shida ni kwamba kile kijiplastiki kinajibu ndio au hapana. Hakisemi virusi ni vingapi. Na daktari akitaka kuamua huyu aanze dawa au aangaliwe tu, au huyu mjamzito apewe dawa za kumkinga mtoto, anahitaji kujua wingi wa virusi, pamoja na vipimo vya ini lenyewe. Hapo ndo mdogo wangu alipoanza kuteseka.

Sampuli ya kwanza ilichukuliwa Machi 2024 ikapelekwa Dar. Zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na sisi Tandahimba tuko ndani zaidi. Tukasubiri, tukapiga simu, wiki ya sita likaja jibu kwamba sampuli haikufaa. Rafiki yangu wa maabara akanieleza kwamba damu ya kipimo hiki inatakiwa izungushwe mapema majimaji yake yatenganishwe na yakae kwenye ubaridi, ikichelewa hivyo hivyo na joto letu hili inaharibika. Ya pili ikachukuliwa mwanzoni mwa Mei. Wasomaji wa kusini mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya, mvua ile, barabara ikakatika pale Somanga, magari yakapanga foleni huku na huku abiria wanalala chini. Damu ya mdogo wangu ilikuwa kwenye foleni ile. Sikuwahi kufikiria kwamba kimbunga kinaweza kumkatia mtu kipimo cha ini.

Baada ya hapo akakata tamaa. Akasema kama Mungu ameandika basi, akaanza kunywa mizizi ya mzee mmoja wa ng'ambo ya Ruvuma, chungu ile mbaya, mkewe anachemsha asubuhi na jioni. Mimi mizizi siidharau lakini nilikuwa namwona macho yanabadilika rangi. Mpaka msimu wa korosho, mnada wa kwanza ulipolipa, nikamshika mkono tukapanda basi wenyewe na damu yetu mwilini, haiwezi kuharibika humo. Nauli, chumba, kipimo, altrasaundi, chakula, malipo ya ule mnada yakaisha karibu yote. Virusi vilikuwa vingi sana na ini limeshaanza makovu. Kaanza tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, sasa hivi anaendelea vizuri na shambani anaenda. Ila makovu yale yangeweza kuonekana mapema zaidi kama miezi yote ile isingeliwa na barabara.

Na hiyo tenofovir, Mhariri, ndo inaniuma kuliko yote, kwa sababu sio dawa ngeni. Imo ndani ya vidonge vya VVU ambavyo viko nchini miaka na miaka, vinafika mpaka vijijini kabisa. Dawa imefika, kipimo cha kumjua nani aitumie ndo kiko Dar.

Sasa nirudi kwenye fizikia. Kwenye hospitali nyingi za nchi hii kuna mashine inaitwa GeneXpert, watu wanaijua kwa kupima kifua kikuu. Ndani yake inachofanya ni hivi, inachukua vinasaba vya kimelea, inavipasha na kuvipoza mara nyingi nyingi vinazaliana, na kila vikizaliana kuna kemikali inawaka mwanga, jicho la mashine linahesabu huo mwanga. Ukiwaka mapema ujue vimelea ni vingi, ukichelewa ni vichache. Ni mwanga tena. Na kampuni inayoitengeneza inatoa katriji, yani kikasha kidogo cha kuwekea sampuli, ya kupima wingi wa virusi vya homa ya ini B, na ya C pia, unaweka kwenye mashine ile ile, majibu kama baada ya saa moja. Saa moja! Mdogo wangu alisubiri zaidi ya miezi sita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 nao umesema vipimo hivi vya karibu na mgonjwa vitumike, na ukasema pia pale kipimo cha wingi wa virusi hakipo daktari asikae amefunga mikono, anaweza kutumia vipimo vya kawaida vya ini kuamua wengine waanze dawa. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa Wizara ya Afya na kwa wakubwa wetu wa mikoa ya Mtwara na Lindi ni dogo: pale mashine zilipo, ziletewe katriji za homa ya ini, na wahudumu wapewe mafunzo ya siku chache. Hata na hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, mtu wa Liwale au Nanyumbu bado ana safari ya kutosha, mashine ya wilayani kwake ndo itakayomwokoa.

Halafu kuna hizi bayosensa mpya zaidi ambazo nazifuatilia usiku kwenye simu, na nataka vijana wa huku wazijue. Naombeni mfanye jaribio hili ambalo nafanya na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Chukua glasi ya maji, ishike, chungulia kutoka juu kupitia maji kuelekea ukuta wa glasi. Ule ukuta utaona unang'aa kama kioo cha kujitazamia, vidole vyako huvioni. Sasa lowesha vidole, bonyeza glasi kwa nguvu kidogo, chungulia tena. Utaona mistari ya vidole vyako inajitokeza mmoja mmoja, safi kabisa, kama alama ya dole gumba kwenye fomu. Maana yake mwanga unaporudi ndani ya glasi unachungulia nje kidogo, kaumbali kadogo mno, na kitu kikigusa pale mwanga unajua.

Bayosensa ya dhahabu inatumia tabia hiyo hiyo. Unapaka kioo dhahabu nyembamba ya kama nanomita 50, juu yake unapandikiza kingamwili zinazokamata ganda la kirusi B, unapiga leza kwa chini. Kuna pembe moja ambayo mwanga ukiingia nayo haurudi, elektroni za dhahabu zinaumeza, kwenye kamera unaona mstari mweusi. Ukipitisha majimaji ya damu juu yake na vipande vya kirusi vikanasa, mstari mweusi unasogea. Vikinasa vingi unasogea zaidi. Hakuna kusubiri rangi, hakuna kemikali ya kuwasha, unaona kwa dakika chache kitu kinavyonasa. Wanasayansi wa Sweden walionesha 1983 kwamba njia hii inaweza kupima protini zikishikana, na tangu 1990 mashine zake zinauzwa kwenye maabara za utafiti. Siku ya kwanza niliposoma hilo nilikaa na glasi yangu ya maji mezani mpaka saa saba usiku.

Nisiwadanganye lakini. Hizi za pembe na dhahabu kwa homa ya ini bado nyingi ziko maabara za watafiti, hazijafika kwa daktari wa wilaya. Damu ni kitu kichafu kwa maana ya kisayansi, ina protini za kila aina na zinapenda kuganda kwenye dhahabu hata kama hazihusiki, mstari unasogea kwa uongo. Joto nalo likibadilika kidogo mstari unasogea, na sisi huku umeme ukikatika saa nane mchana chumba kinakuwa tanuri. Atakayetengeneza kifaa cha kutumika Newala au Kilwa lazima akifikirie hivyo tangu mwanzo, asitengeneze kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi halafu akatuletea. Ndo maana natamani watafiti wa vyuo vyetu wawemo humo mapema, wajaribie kwenye joto letu na vumbi letu la Novemba. Hata hii ya kutumia kamera ya simu kusoma mstari wa kile kijiplastiki, ambayo watafiti wanaifanyia kazi, ingetufaa haraka, kwa sababu mstari wa T ukiwa hafifu mhudumu aliyechoka anaweza kuusema haupo, wakati mstari hafifu ni mstari, na simu ingetunza picha na majibu yasingeishia mlangoni kama ya mdogo wangu.

Wapo watakaosema malaria na VVU ndo vikubwa, homa ya ini isubiri. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 inasema mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa na homa ya ini B na milioni 50 wana C, na virusi vya ini kwa pamoja viliua watu milioni 1.3. Kati ya wenye B, waliokuwa wamepimwa wakajua hali yao ni asilimia 13 tu, na wenye dawa asilimia 3. Afrika ndo tunabeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B. Na hiyo C ina dawa ya vidonge, wiki 12 kwa wengi wanapona kabisa, zaidi ya 95 kati ya 100, lakini utampa nani kama hujampima?

Kitu cha mwisho ni tarehe. Siku ya Homa ya Ini Duniani ni 28 Julai, imechaguliwa kwa sababu ni siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, yule Mmarekani aliyegundua kirusi B miaka ya 1960 akapata Nobel 1976. Namheshimu sana huyo mzee. Lakini Julai huku kwetu watu wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa, unatoka alfajiri na mashine mgongoni unarudi jioni mweupe kama umeoga unga, kliniki ya mjini utaisikia redioni tu. Hela mfukoni pia hakuna, ni mwezi wa madeni. Ukitaka kumpima Mmakonde, Mmwera au Myao wa kijijini mfuate Oktoba mpaka Desemba kwenye ghala la chama cha msingi, siku anayoleta korosho kwenye mizani. Pale watu wanakaa foleni masaa, wanawake kwa wanaume, wazee kwa vijana, na kipimo cha kidole kinachukua dakika 15 au 20. Meza moja, mhudumu mmoja wa kupima na mwingine wa kumkalisha mtu pembeni amweleze vizuri kwa faragha, daftari la namba za simu, na kile kiboksi cha ubaridi cha kupeleka damu ya wenye mistari miwili kwenye mashine ya wilaya jioni ile ile.

Mke wa mdogo wangu amepimwa, hana, kachanjwa. Watoto wao watatu wote wana kadi zenye zile chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, tumezitoa sandukuni tukazikagua moja moja. Kile kikombe cha bluu mama alikishusha mwenyewe kwenye msumari, siku hizi kiko kwenye beseni na vingine na anayekiwahi ndo anakunywea.

Mhariri, kama barua hii itapata nafasi, naomba itoke kabla minada haijafunguliwa, ili viongozi wa vyama vya msingi waisome wakiwa bado wanapanga maghala yao.

Mwalimu wa fizikia,
Tandahimba, Mtwara